Mwalimu Recheli, Aliyeileta Bahari Mtendeni

Na Tufaha Darwesh, Kidato cha Nne, kwa niaba ya wanafunzi wote

Tarehe 30 Juni 2026 Mwalimu Recheli Kapela atastaafu, baada ya kufundisha jiografia kwa miaka thelathini na saba. Miaka ya mwanzo alifanya kazi Ulyankulu, na iliyobaki yote ameitumia hapa Mtendeni, mjini Tabora, katika shule yetu. Mkuu wa shule, Mwalimu Octavian, ametuomba wanafunzi tuandike wasifu huu. Alisema walimu wenzake wakiuandika wao wataorodhesha vyeo na semina, na wageni watasinzia kabla ya pilau.

Basi vyeo tuvimalize mapema. Mwalimu Recheli amekuwa mkuu wa idara ya jiografia, mlezi wa klabu ya mazingira na mwalimu wa malezi. Kwa muhula mmoja alikaimu nafasi ya makamu mkuu wa shule, na inasemekana siku aliyoikabidhi nafasi hiyo alionekana mwenye furaha kuliko siku aliyoipokea. Miti yote ya kivuli, kuanzia getini hadi maabara, ilipandwa na klabu yake. Wanafunzi wake leo ni wapima ardhi, wauguzi, wakulima na walimu. Mmoja, anayeitwa Azan, ana duka la jumla hapa hapa Mtendeni, na habari zake zitafuata.

Alizaliwa Sikonge katika familia ya Wamoravian. Baba yake alikuwa mrina asali, na yeye akiwa binti mdogo alimfuata msituni kukagua mizinga. Wakati wa kiangazi walipumzika mtoni. Wageni wanaosoma wasifu huu wasishangae. Mito mingi ya kwetu hukauka mvua zikiisha, na kinachobaki ni barabara pana ya mchanga mweupe, safi, isiyo na miiba wala siafu, yenye kivuli pande zote mbili. Mtu akichoka hushuka mtoni, hutandika khanga, hufungua chakula chake. Akitaka maji, huchimba mchanga kwa sahani au kwa mikono mpaka maji yajikusanye taratibu chini ya shimo. Mto ukishakauka hivyo, umekauka mpaka mvua za Novemba, na hakuna anayeuogopa.

Alipomaliza chuo cha ualimu alipangiwa Ulyankulu. Huko ndiko alikoanza kufundisha mada ambayo imemfanya ajulikane, yaani mahali mto unapokutana na bahari. Kitabuni mada hiyo ni fupi sana. Inasema kuwa baadhi ya mito, kabla ya kufika baharini, huingia kwenye lagoni, ambayo ni maji yaliyotulia nyuma ya ukuta wa mchanga. Mto huleta maji yake, bahari huleta yake ya chumvi, na humo ndani yanachanganyika. Mikoko huota kwenye tope, kaa huchimba mashimo yao, na kamba na samaki wachanga hukulia humo kabla ya kwenda bahari kuu. Walimu wengi huimaliza mada hii katika kipindi kimoja. Mwalimu Recheli aliitumia wiki nzima.

Siku ya kwanza kabisa aliyoifundisha, mwanafunzi mmoja wa Ulyankulu alinyoosha mkono akamuuliza kama yeye mwenyewe ameshawahi kuiona hiyo lagoni. Mwalimu akajibu, "Bado." Kila darasa lililofuata lilimuuliza swali hilo hilo, na kila darasa lilipata jibu hilo hilo. Mwaka mmoja alipata nafasi ya semina Tanga, lakini mvua kubwa zikabomoa reli, na treni ikamrudisha Tabora kutoka Itigi. Mwaka mwingine alikuwa ameshafunga begi, akapata habari kuwa mama yake amelazwa, akaelekea Sikonge badala ya pwani. Baadaye akawa na watoto wake wa kuwasomesha, na watoto wa wengine wa kuwafundisha. Alipofika miaka hamsini na tisa, jibu lilikuwa bado ni lile lile, na hata sisi wanafunzi tuliona kuwa linaelekea kubaki hivyo.

Pamoja na hayo, hakuna aliyetoka darasani kwake bila kuielewa lagoni. Bahari haikuweza kuja Tabora, kwa hiyo aliitengeneza kwenye beseni. Beseni lake la kioo aliliazima maabara. Chini alimimina maji aliyoyeyushia chumvi nyingi ya Uvinza. Kila mwaka alitukumbusha kuwa chumvi hiyo ilikuwa ikipita Tabora mabegani mwa wapagazi tangu enzi za misafara, kabla mtu yeyote hajaota kujenga reli. Kisha alichukua juisi ya choya, nyekundu, akaimimina juu polepole kwa kuipitisha kwenye kijiko. Juisi ilikaa juu na maji ya chumvi yakabaki chini, meupe, na katikati ukaonekana mpaka kama umechorwa kwa rula. Alitueleza kuwa maji ya chumvi ni mazito. Bahari inapoingia kwenye mlango wa mto huingia kwa chini, na mto hupita juu yake bila kujua.

Hapa ndipo Azan anapoingia. Alipokuwa Kidato cha Tatu, Mwalimu alitoka kwenda kuchukua chaki. Azan aliona juisi ya choya imeachwa peke yake, akachomeka mrija. Darasa zima lilimtazama. Alinyonya, akatabasamu, akawapa wenzake ishara kuwa ni tamu. Kwa tamaa akauzamisha mrija zaidi. Mwalimu aliporudi alimkuta amejishika koo, machozi yanamtoka. Hakumchapa wala hakumfukuza. Alimsimamisha mbele ya darasa na kumwambia aeleze kwa utaratibu alichokigundua juu, na alichokigundua chini. Inasemekana ndilo jibu pekee la jiografia ambalo Azan amewahi kulipatia alama zote.

Vilevile alitupeleka bwawa la Igombe tukaone jinsi maji yanayotembea yanavyoangusha tope lake yakifika kwenye maji yaliyotulia. Tulivua viatu na kuingia. Aliamini kuwa mtu aliyewahi kulikanyaga tope hatalisahau kwenye mtihani, na kwa uzoefu wetu ni kweli.

Mwaka jana, tukiwa Kidato cha Tatu, tulipiga hesabu rahisi. Likizo ya Septemba ilikuwa likizo ya mwisho ya kiangazi kabla ya kustaafu kwake. Tukamwendea Mwalimu Octavian kuomba safari ya mafunzo kwenda Bagamoyo, kwenye lagoni ndogo iliyo kaskazini mwa mji, ambako afisa misitu mmoja aitwaye Bwana Selemani hupokea wanafunzi. Hatukuficha sababu. Tulitaka kujifunza, na tulitaka Mwalimu Recheli aione lagoni akiwa bado mwalimu. Mwalimu Octavian akatukubalia, kisha akasema, "Lakini msimwambie kuwa ni kwa ajili yake. Mkimwambia hatakwenda."

Wazazi walikubali mmoja mmoja. Baba yangu aliuliza maswali mengi, aliposikia anayesimamia ni Mwalimu Recheli akaacha kuuliza.

Asubuhi ya safari gari likaja. Tulikuwa tumekodi kosta kubwa, mwenye gari akaleta ndogo, kwa maelezo kuwa kubwa imeharibika Nzega. Tulipokaa, mmoja alibaki amesimama. Alikuwa Koleta, ambaye kwao ni Ulyankulu na hapa mjini anaishi kwa shangazi yake. Mwalimu Recheli akalitazama gari kutoka mbele hadi nyuma, akainuka, akashusha begi lake.

"Panda, mama," alimwambia Koleta. "Mimi nitakwenda siku nyingine."

Koleta hakupanda. Ibtisam, kiranja wetu, alikuwa ameshakaa dirishani, akashuka. Fauzi akashuka. Tukashuka wote bila kelele, tukapanga mstari kama wa asubuhi.

"Ibtisam, mnafanya nini?"

"Tunakusubiri, Mwalimu."

"Kiti kilichokosekana ni changu, si chenu. Pandeni."

"Haya, Mwalimu. Basi na sisi tutakwenda siku nyingine," Ibtisam akasema kwa adabu kabisa. "Ile ile utakayokwenda wewe."

Mwalimu wa michezo, Mwalimu Tobias, ndiye aliyekuwa asaidie kusimamia safari. Kwao ni Pangani, na alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, kofia ya jua kichwani. Alitazama ule mstari wetu, akashuka na kofia yake.

"Dada Recheli, ingia tuondoe foleni hapa. Mimi bahari nimeiogelea kabla sijaota meno. Nikifika kule nitalala tu."

"Watoto wanahitaji mtu anayeijua pwani, Tobias."

"Wanaye. Wewe umekuwa ukiwafundisha nini miaka yote hii?"

Matroni wetu, Mama Martha, alimshika Mwalimu Recheli mkono akamvuta ndani kama anavyotuvuta sisi tukichelewa kwenye foleni ya uji. Ndivyo tulivyoondoka Tabora, tukiwa na Mwalimu wetu, na tukiwa tumemwacha nyuma mtu pekee aliyezaliwa karibu na bahari.

Njia ya Itigi na Manyoni imenyooka, na Mwalimu aliitumia kutuonyesha kuwa tunafuata, kwa kukadiria tu, walikopita wapagazi wa Unyamwezi wakishuka pwani. Tulilala Dodoma, kisha Bagamoyo kwenye hosteli ya kanisa. Ijumaa, kabla ya adhuhuri, tukafika lagonini.

Bwana Selemani alitupokea kwa bashasha. Alituonyesha ukingo wenye nyasi, akatuomba radhi kwa kuwa wakati wa swala umekaribia. "Nisubirini hapa hapa, nikitoka msikitini tutaingia pamoja," akasema, akapanda pikipiki yake. Hakuongeza neno. Kwake yeye hapakuwa na la kuongeza, kwa sababu mtu wa pwani haambiwi habari za maji.

Tukageuka kuitazama lagoni. Hapakuwa na maji. Mbele yetu kulikuwa na uwanja mpana wa tope la kijivu, mikoko imesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepandisha suruali. Katikati ulipita mkondo wa mchanga mweupe, mkavu, na kijito chembamba ambacho hata mtoto angekiruka. Ndege wachache walikuwa mbali wakidonoa.

"Ndiyo hii, Mwalimu?" Maram akauliza.

"Ndiyo hii."

"Maji yako wapi?" akauliza Fauzi.

"Yapo," Mwalimu akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa, akatazama tena. Tulisubiri aanze kufundisha. Alituonyesha mizizi ya kupumulia ya mikoko iliyochomoza topeni kama penseli, alituonyesha mashimo ya kaa. Alisema yote aliyopaswa kusema, kwa sauti yake ya kawaida. Mama Martha, ambaye wamefahamiana tangu wakiwa wasichana, alituambia baadaye kuwa mwenzake siku ile alikuwa kama mtu aliyesafiri kwenda harusini akakuta turubai linakunjwa.

Sote tulikuwa tumeandika kwenye madaftari kuwa bahari hujaa na kupwa. Mwalimu mwenyewe alituandikisha. Lakini tuliyokuwa tunayatazama yalifanana mno na mto wa Sikonge mwezi wa Septemba, na miguu yetu ilikuwa imezoea mito hiyo kwa muda mrefu kuliko vichwa vyetu vilivyozoea madaftari. Jua lilikuwa kali. Kule ukingoni palikuwa na miiba na sisimizi. Kule chini palikuwa na mchanga safi na kivuli cha mikoko.

"Tushuke mtoni," Mwalimu Recheli akasema. "Tule tukiwa tumekaa vizuri."

Tukashuka. Tulitandika khanga, tukapanga viatu kwa mstari, tukashusha sufuria la wali, ndoo ya maandazi na mabegi. Hakuna aliyeona ajabu. Koleta alichukua sahani, akaanza kuchimba kisima ili tunawe mikono, kama wanavyofanya kwao. Maji yakatokea upesi kuliko alivyotarajia. Akayaonja, akatema.

"Chumvi, Mwalimu."

"Angalau tumefika penyewe," Mwalimu akamjibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu tushuke garini.

Tukaanza kula. Koleta hakula. Alikuwa amechuchumaa pembeni ya shimo lake, akilitazama kama mtu anayetazama sufuria la mwenzake.

"Mwalimu, kisima changu kinajaa."

"Ndiyo kazi ya kisima, Koleta. Njoo ule."

"Kinajaa sana. Sasa kimefika juu." Akasogeza miguu nyuma. "Sasa kinamwagika."

Mwalimu Recheli aliweka sahani chini. Alikwenda akainama juu ya shimo. Hapo ndipo Fauzi alipoona kiatu chake kimoja kimeondoka kwenye mstari. Kilikuwa kinaelea taratibu, kikielekea nchi kavu, upande mto unakotoka. Fauzi akasema, kama mtu anayelalamikia jambo lisilo la haki, "Kiatu changu kinapanda mto."

Maji yalikuwa yamefika. Hayakuwa na wimbi wala kishindo. Yalikuja kimya juu ya mchanga, membamba kama chai iliyomwagika mezani, kisha yakazidi. Mama Martha alinyanyua sufuria na kuliweka kichwani. Ibtisam alikusanya mabegi. Wengine tulikimbizana na khanga. Ndoo ya maandazi ilipinduka na maandazi yakaanza safari, na Mathias, dereva wetu, aliyekuwa amelala chini ya mkoko, aliamka akiwa amelowa mgongo akauliza nani amemmwagia maji. Tulimpa pole tukiwa tunacheka.

Mwalimu Recheli hakukimbia. Alikuwa amesimama pale pale karibu na kisima cha Koleta, ambacho hakikuonekana tena. Maji yalimfika vifundoni, akakunja kitenge. Yakafika kwenye mashavu ya miguu. Sasa kila mfereji wa tope ulikuwa unang'aa, na uwanja wa kijivu ulikuwa unakuwa lagoni mbele ya macho yake. Samaki wadogo wenye rangi ya kioo waliingia pamoja na maji, kundi kwa kundi, wakapita kati ya miguu yake kuelekea kwenye mizizi ya mikoko. Kaa walipanda mizizi hiyo ngazi kwa ngazi, wakisukumwa juu na maji. Ndege wakasogea.

"Mwalimu, toka," Ibtisam akaita tena kutoka ukingoni.

"Nakuja."

"Ulisema hivyo mwanzo."

"Ibtisam, niache kidogo," akasema bila kugeuka. "Nimeisubiri hii."

Tukaacha kumwita. Tulikaa ukingoni, kwenye ile miiba na wale sisimizi, vyombo vimetapakaa, tukamtazama akitazama. Mama Martha aliendelea kusimama na sufuria kichwani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bwana Selemani alitukuta hivyo. Alizima pikipiki akatazama nguo zilizolowa, kisha mwanamke mzima aliyesimama majini na kitenge mkononi.

"Leo ni bamvua, maji yanakuja kwa haraka. Nani aliwaambia mkae mkondoni?"

"Mwalimu wetu," Fauzi akasema.

"Mwalimu wa nini?"

Tukatazamana. "Wa jiografia."

Bwana Selemani alijitahidi sana. Alikuwa ametoka kuswali, na alionekana anataka kubaki mtu wa heshima. Ni Mwalimu mwenyewe aliyeanza kucheka, kule kule majini, akicheka kwa mabega, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia.

"Pole, Mwalimu wangu," Bwana Selemani akasema alipoweza. "Wewe si wa kwanza kutoka bara."

"Najua," akajibu, akipokea mkono wake kutoka majini. "Nafikiri hata wapagazi wetu mizigo yao ililowa hapa hapa."

Mchana ule Bwana Selemani alitutembeza kwa mtumbwi, zamu kwa zamu, ndani ya lagoni iliyojaa. Alitufundisha kutambua aina za mikoko, kama mchu na mkandaa, kwa majani na mizizi, na kwa nini kila mti umechagua umbali wake kutoka kwenye chumvi. Alituonyesha fungu la mchanga linaloitenga lagoni na bahari, na mlango mwembamba uliobaki. Kiangazi kirefu mlango huo unaweza kuzibwa na mchanga, maji ya ndani yakazidi chumvi mpaka samaki wataabike. Masika mto unakuja na nguvu na kuufungua tena. Akatueleza kuwa mikoko ikikatwa tope hukosa pa kushika, na wale samaki wadogo hukosa pa kujificha. Mwalimu Recheli alikaa mbele ya mtumbwi akiuliza maswali kuliko sisi sote. Aliuliza tope hili linatoka wapi. Bwana Selemani akamwambia kuwa mto unaleta, lakini bahari nayo huleta la kwake na kuliacha humu. Mwalimu akarudia maneno hayo mara mbili.

Tulitaka tubaki tuone maji yakitoka. Mathias hakutaka giza limkute kabla ya Chalinze, na nguo zake zilikuwa bado hazijakauka, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye. Tulipoondoka lagoni ilikuwa imejaa kabisa, imetulia, haiendi mbele wala nyuma. Ndani ya gari Mwalimu alikaa kiti cha nyuma kabisa, na hatukumwona uso mpaka njia kuu.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu cha mwaka huu hawakupata jibu la zamani walipomuuliza swali la kila mwaka. Alilaza kiti chini, akakitumia kama ukingo, akawasimulia habari ya kiatu cha Fauzi. Mada imerefuka, sasa inachukua wiki moja na siku kadhaa. Kuhusu lile tope, alisahihisha notisi zetu wiki ile ile tuliporudi. Kisha, akitoka shuleni, alipita dukani kwa Azan.

"Azan, ile habari ya tope, nilikufundisha kuwa linaletwa na mto tu. Bahari nayo huleta."

Azan alikuwa anapima sukari. "Shikamoo, Mwalimu. Nashukuru. Lakini mtihani nilishafanya."

"Marahaba. Ni kweli, lakini ujue."

"Na nilishafeli."

"Hilo nakumbuka," Mwalimu akasema. "Nipe na chumvi ya Uvinza, kilo mbili."

Huyo ndiye Mwalimu tunayemuaga. Tunamshukuru kwa kutufundisha kuuliza jambo mpaka lijibiwe, na kwa kutuamini kuwa tunaweza kuyaelewa maji ambayo wengi wetu hatukuwa tumeyaona. Tunamshukuru mume wake na watoto wake, waliotuazima muda wake miaka yote hii. Tunamshukuru Mwalimu Tobias, ambaye mpaka leo akitukuta ukumbini hutuuliza kama tumekausha viatu. Kuna wenzetu ambao kwa sababu ya Mwalimu Recheli wameandika ualimu wa jiografia kwenye nafasi ya kwanza ya machaguo yao. Hatutawataja majina, ili matokeo yasije yakawaumbua.

Watu wamekuwa wakimuuliza atafanya nini baada ya tarehe 30, na wengi walidhani atarudi moja kwa moja Sikonge kwenye mizinga ya baba yake. Atarudi, lakini si mara moja. Mpwa wake anaishi Bagamoyo, naye ameshamwandalia chumba. Mwalimu anasema ile Ijumaa aliyaona maji yakiingia tu, na mtu aliyefundisha kujaa na kupwa maisha yake yote hawezi kustaafu akiwa ameona kujaa peke yake. Mwezi wa Julai atakuwa pale ukingoni, akiyatazama yakitoka, na safari hii hakuna dereva wa kumharakisha.

Mwalimu wetu, tunakuombea afya, pumziko refu na siku nyingi za furaha pamoja na wako. Nenda ukayatazame mpaka uridhike. Na viatu viache juu, kwenye nyasi.